Sabuni Chini ya Godoro

Mwanangu Hawa,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naiona. Uko uani, umekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nusu ya nywele umeshasuka, nusu umeiacha hivyo hivyo ukainuka kumfukuza kuku, na sasa umesahau kitana umekiweka wapi. Kiko kwenye dirisha la jikoni. Ningeweza kukuita uje ukae hapa karibu nami nikwambie yote kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu adhuhuri. Mara ya kwanza nilikuita, ulipofika nikakutuma maji. Mara ya pili nikakutuma chumvi. Mdomo wangu ukikuona unatuma tu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Basi lako ni kesho alfajiri, na sasa ni alasiri. Ya safari siyaandiki. Ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya wanaume wa huko bara, hayo mama zako wote wa Chumbageni wamekwambia wiki nzima, na wengine wamerudia. Najua pia kwamba wewe ukiambiwa mambo matatu kwa mpigo, la kwanza linadondoka kabla la tatu halijafika. Kwa hiyo barua hii ina jambo moja. Jambo lenyewe ni sabuni.

Leo asubuhi ulilifungua lile sanduku la bati nililokupangia. Nilikupangia kwa siri, kwa sababu ulishanikataza. Ulisema unakwenda chuo cha uuguzi, huendi kuolewa, na begi moja linakutosha. Mimi nikaitikia kwa mdomo, mikono ikaendelea na yake. Ukatandika mkeka, ukaanza kutoa kimoja kimoja: hotipoti tatu, chupa mbili za chai, sahani za maua, kanga doti sita ambazo hazijaguswa na maji. Ulikuwa ukicheka. Ukamwita baba yako aje aone. Ukasema, "Mama, kule nitalala wapi, ndani ya hotipoti?" Na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa nimenuna.

Kisha ukafika chini kabisa, ukaikuta miche ya sabuni niliyoifunga kwa gazeti. Ukasema, "Sabuni sitaki, mama." Nikakujibu, "Wee, mtu haendi ugenini bila sabuni." Ukasema, "Kwa sabuni nshamfungisha baba mara moja. Yatosha."

Ulisema bila hasira, kama mtu anayetaja kwamba jana kulinyesha. Ukaifunga tena na gazeti lake, ukaenda zako kutafuta kitana. Baba yako akatazama chini. Nami nikabaki nimeshika kifuniko cha hotipoti, kinyaa kikinipanda, na kinyaa hicho hakikuwa cha kitu chochote kilichokuwa juu ya mkeka ule. Nilijionea kinyaa mwenyewe. Miaka kumi na miwili umebeba mzigo huo, na mimi nilikuwa nikikuhangaikia ubebe hotipoti.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu ulikuwa na miaka minane na mengine yamekupita.

Miaka ile hapakuwa na kitu. Sukari ilikuwa jambo la kusikia. Duka la ushirika likileta mafuta, mtu anatoka na dumu kabla hajajua foleni inaelekea wapi, anajiunga tu kisha ndiyo anauliza. Sabuni ndiyo ilikuwa balaa kubwa. Tulifua kwa majani ya mpapai na majivu, nguo zikatoka kijani, tukavaa hivyo hivyo. Baba yako alikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge, mtu mwenye shati jeupe, na shati lile lilikuwa limegeuka rangi ya maji ya mchele.

Sasa sikiliza jambo la aibu. Wakati nafua shati la baba yako kwa majani ya mpapai, nilikuwa na sabuni ndani. Si mche mmoja. Makatoni. Nilikuwa nimeyapata kwa wanawake waliokuwa wakivuka kwa njia za panya kule mpakani Horohoro, sabuni za Mombasa, za bluu na za njano. Nilitoa mkufu wa bibi yako kuzipata. Na sikuzitumia! Wala sikuuza. Mlanguzi ana akili, anaficha ili auze. Mimi nilificha ili niwe nazo. Kila nilipotaka kukata kipande niliambiwa na moyo wangu, itakwisha, kisha utafanyaje? Basi nikarudi kwenye mpapai. Hata baba yako hakujua. Nikikumbuka nilivyokuwa nikiinama kunusa katoni, kisha naenda kumvisha mume wangu shati lenye madoa, natamani kumzaba kofi mwanamke yule.

Na haikuwa sabuni tu. Nyumba nzima nilikuwa nimeijaza. Makopo matupu ya maziwa, chupa zisizo na vifuniko, vifuniko visivyo na chupa, magunia, kamba, viatu vya mguu mmoja, redio iliyokufa na nyingine iliyokufa ya kutolea spea ile ya kwanza. Kila kitu "kitafaa". Chumba chako ndicho kilikuwa ghala. Ulikuwa na njia nyembamba tu ya kutoka mlangoni hadi kitandani, na hata hiyo ulipita kwa ubavu.

Humo ndimo nilimoweka mtoto kama wewe! Mtoto ambaye kila jicho lake linapotua mkono unafuata. Nilikutuma dukani chumvi, ukarudi na paka. Nilikuambia vaa viatu tuondoke, nikakukuta na kiatu kimoja, umekaa ndani ya gunia unahesabu makopo. Penseli ulipoteza kila siku ya Mungu. Mwalimu akaniita akasema, "Mama, huyu hatulii hata kwa dakika, ana nini?" Nikasema ana ukaidi. Nikakuchapa kwa kupoteza penseli, nikakuchapa kwa daftari, nikakuchapa kwa kiatu kilichokuwa chini ya vikorokoro vyangu mwenyewe, ambacho hata mimi nilikitafuta nusu siku nisikione.

Ukaja msako. Wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, mgambo na watu wa kata, wakitafuta mali iliyofichwa. Asubuhi ile niliwasikia wakiwa nyumba ya tatu. Nikayaburuta makatoni nikayapanga juu ya chaga za kitanda chako, nikalaza godoro juu yake, nikakulaza wewe juu ya godoro. Nikakufunika kanga mpaka shingoni. Nikakwambia, "Unaumwa. Usinyanyuke. Usiseme. Wakiingia, funga macho."

Nilimwambia mtoto ambaye hawezi kutulia kwa muda wa kula embe alale kimya juu ya makatoni ya magendo.

Unavyokumbuka wewe, na inavyosimuliwa hapa mtaani, ni hivi. Wakaingia. Ukalala kidogo. Kisha ukamwona mmoja wao ana filimbi shingoni, ukashuka kitandani kwenda kuishika. Godoro likateleza, katoni likaonekana. Baba yako akaitwa kutoka kazini, akaulizwa mali ya nani, akasema, "Yangu." Karani wa ghala, nani hakuamini? Wakamchukua. Wiki tano alikaa ndani, na aliporudi kazi haikuwepo. Na mimi niliyevaa buibui nikalia mlangoni, majirani wakanishika mabega, nikasema maneno haya, na wewe ulikuwa umesimama pale ukisikia: "Mtoto huyu kamfungisha baba yake."

Hadithi hiyo ina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu. Nitaufikia. Nipe nafasi kwanza.

Baada ya hapo sikuwa tena na mtoto mkaidi, nilikuwa na mtoto mwenye pepo. Nilihitaji pepo, unanielewa? Maana bila pepo ningelazimika kumtafuta mwingine wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa mimi. Nikakupeleka kwa mganga. Akakutazama unavyorukaruka kwenye mlango wake akasema pepo wako anataka heshima. Anataka chano chake, sinia la sadaka: yai, halua, tende, marashi, kitambaa chekundu, na chano kikae chini ya kitanda chako siku arobaini bila kuguswa. Chini ya kitanda, Hawa, palepale sabuni ilipotoka. Halua nilihangaika kuipata kuliko nilivyowahi kuhangaikia daftari lako.

Siku ya kumi chumba kilinuka. Siku ya ishirini siafu walitoboa njia ukutani. Ukanijia jikoni ukasema, "Mama, pepo wangu hali. Anayekula ni panya." Nikakupiga kwa kumkosea adabu pepo. Wiki ile ile panya akakung'ata kidole cha mguu ukiwa usingizini, na kovu unalo. Mpaka leo nikipita duka la halua naziba pua.

Baba yako alirudi amekonda, hakunisema hata neno. Akaanza kwenda Muheza kuchukua machungwa kwa magunia, anayauza hapa sokoni. Mimi ningekuwa na akili ningepunguza vitu. Lakini nyakati zikageuka. Mipaka ikalegea, bidhaa zikamwagika kama bomba lililopasuka. Mitumba, plastiki, maua ya bandia, vyombo vya kila rangi. Watu waliokuwa wakifua kwa majivu sasa walikuwa wakishindana kabati. Ungedhani mtu aliyelala na njaa akiona chakula atakula ale ashibe. Wapi! Mimi nilikula kwa macho. Kila nilichopata nikakiweka kwenye kabati la vioo pale sebuleni, nikasema ni vyombo vya harusi ya Hawa. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Chai tulikunywa kwa vikombe vya bati vilivyopasuka rangi, na vikombe vya kioo vikatutazama.

Siku ulipoliangusha kabati lile, ulikuwa unakuja mbio kuniambia kwamba umepata saba kati ya kumi katika hesabu. Nilichosikia mimi ni mlio. Sikukupiga siku ile, na wewe ulilichukulia jambo hilo kama rehema. Haikuwa rehema. Nilikuwa nimechoka nawe tu. Nikafunga kanga zako kwenye kikapu, asubuhi nikakupeleka Tongoni kwa Shangazi Mwanasha, dada yake baba yako. Nikamwambia, "Wifi, chukua. Mie basi." Lile daftari lenye saba kati ya kumi nililiona baada ya miezi miwili, chini ya vigae vya vyombo vile.

Nilikaa mwezi na nusu bila kuja. Nilipokuja nilifika asubuhi, nikapiga hodi, shangazi yako akaniambia umekwenda ufukweni, utarudi sasa hivi. Nikaingia ndani kungoja. Unaijua nyumba ile. Mkeka, mtungi, sufuria mbili, na misumari mitatu ukutani. Wa kwanza kanga yake, wa pili kikapu chake, wa tatu mkoba wako wa shule. Nikatafuta vitu vingine kwa macho nisivione, nikaona huruma, nikasema moyoni, maskini wifi yangu hana kitu.

Kisha nikakusikia kabla sijakuona. "Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa." Ulikuwa unatembea na shangazi yako mdogo Riziki, kila mmoja na miyaa yake ya mkindu kwapani, mnasuka ukili wa mikeka huku mnatembea, kama wanavyofanya wanawake wote wa pwani hii tangu zamani, mkono unasuka, mguu unakwenda, mdomo unaongea. Hukutazama hata vidole vyako. Ukili ulikuwa umenyooka. Ulipofika mlangoni ukaupima kwa mikono, ukasema, "Pima moja, shangazi!" Ukauviringa, ukauweka kikapuni, ukakimbia mpaka minazi ya mwisho na kurudi. Ukaanza pima ya pili.

Hukuwa umeniona bado. Nilisimama ndani, nyuma ya mlango, natazama mtoto wangu akimaliza kitu. Sikuwahi kukuona ukimaliza kitu.

Nikamuuliza wifi, "Umempa dawa gani?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa upumbavu. Akasema, "Mie sina dawa. Pepo simwoni, wifi, naiona miguu. Mtu ana miguu, wee wamwambia akae. Na hapa kwangu hamna cha kuvunja wala cha kupoteza, nimgombeze kwa lipi?" Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonichoma, "Jioni twakaa naye mkekani. Aongea huyo! Wewe humsikii?"

Sikuwa nakusikia. Kwangu sebuleni mkeka wa kukaa watu wawili ulikuwa haukunjuki, hapakuwa na nafasi. Sijui kama umewahi kulifikiria hilo. Nyumba yenye vikombe ishirini na vinne na hakuna pa kukaa mama na mwanawe.

Tulirudi wote watatu, mimi, wewe na Shangazi Mwanasha, naye akakaa nasi siku tatu. Unazikumbuka vizuri, ulizifurahia kama sikukuu. Yeye ndiye aliyeweka sharti kwamba wewe ndiye utakayetoa, kitu kimoja mkekani, wengine tunasema kinabaki au kinakwenda, hakuna kuweka cha pili mpaka cha kwanza kimehukumiwa. Mimi nilitaka tutoe kwa gunia. Akasema hapana, kila kimoja ukione kwa jicho lako. Na nikaviona. Makopo yenye kutu na mende ndani. Redio zote mbili, panya wamezalia moja. Doti za kanga nilizozihifadhi miaka saba, nikazikunjua zikapasuka mikononi, katikati zimeliwa zikawa unga. Kila kilichotoka kilinuka, na harufu ilikuwa moja. Jirani mmoja akachungulia akauliza, "Nani kafa?" Baba yako akamjibu, "Hajafa mtu, twaanza kuishi," na lilikuwa neno la kwanza la mzaha nililomsikia tangu atoke ndani.

Chini ya kitanda chako tulikuta chano. Siku arobaini zilikuwa zimepita zamani, na mimi sikukitoa, niliogopa pepo na nikaogopa kuinama. Kilikuwa cheusi. Wewe ndiwe uliyekivuta, ukakiweka juu ya mkeka kama vitu vingine, ukauliza, "Kinabaki au kinakwenda?" Nilikimbilia uani kutapika.

Niliporudi baba yako alikuwa amepiga magoti anatazama chaga ya kitanda. Kipande cha katoni la sabuni kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye mbao, na maandishi yake bado yanasomeka. Akakibandua. Akakitazama, akanitazama mimi, akakikunja mara nne akakitia kwenye moto wa takataka. Tangu siku ile nikawa naogopa kukaa naye peke yangu, na sikujua kwa nini.

Baada ya hapo mambo yako unayajua. Msumari wako ukutani, mkoba juu yake. Baba yako akaanza kukuchukua kila asubuhi kwenda sokoni, mnatembea mnasomeana, yeye na gunia la machungwa, wewe na ukili. Umesoma historia yote ukitembea kati ya hapa na sokoni. Wakikucheka huko chuoni ukizunguka uwanja na daftari mkononi, waache wacheke. Wao wanatulia na hawajui kitu. Na kazi yenyewe uliyoichagua, ya kuzunguka wodini kutwa kucha, sijui nani atakuweza. Mimi sikuwa mwalimu wako katika hayo. Nilijifunza kukaa mkekani jioni na kukusikiliza, na hata hilo nilifunzwa na wifi. Bado siku nyingine nanunua kikombe nakificha, wewe unakikuta, unakiweka mkekani unaniuliza, "Kinabaki au kinakwenda?" Sanduku la leo ni ugonjwa ule ule. Sikupona. Napunguza tu.

Sasa nimefika.

Asubuhi ya msako, Hawa, kabla yule mgambo hajavuka kizingiti, alisema maneno. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimsikia vizuri kabisa. Alisema, "Kitanda cha mtoto kiko wapi?" Hakuuliza jiko. Hakuuliza uvungu wa kitanda changu. Alikuja anajua. Wakaenda moja kwa moja chumbani kwako, mmoja akakamata pembe ya godoro upande wa miguu, na wewe ukashuka kwa sababu godoro lilikuwa linainuliwa chini yako. Filimbi uliishika, ndiyo. Uliishika ukiwa tayari umesimama chini na katoni liko wazi.

Walijuaje? Juzi yake nilikuwa nimemkatia jirani yetu Bi Kidawa, marehemu, nusu mche. Kipande cha kwanza nilichowahi kukikata, na sikukikata kwa ajili ya baba yako wala kwa ajili yako. Nilikikata ili mtu ajue kwamba ninacho. Akaniuliza, nikajigamba. Nikasema, wakija wasake, mali yangu naitia chini ya mtoto, nani atamwinua mtoto mgonjwa? Nikacheka. Sijui kama alisema yeye, au alimwambia mtu naye akasema. Haina maana tena, na Mungu amrehemu. Aliyesema wa kwanza ni mimi.

Nililijua hilo siku ile ile, dakika ile ile, wakati nalia mlangoni. Nilipoufungua mdomo kulikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Moja lilikuwa "mimi". Nikachagua jingine, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umezoea kulaumiwa, na lawama moja zaidi kwako ilionekana si kitu. Hapo ndipo ninapojitapikia. Kuficha sabuni ni upumbavu wa njaa, wengi walikuwa nao. Lakini nilitafuta pa kuutupia uchafu wangu, nikaona mtoto wangu ndiye jalala lililo karibu.

Adhuhuri ya leo, baada ya maneno yako, nilimwambia baba yako. Alikuwa anamenya chungwa. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, hata kujigamba. Hakuacha kumenya. Akasema, "Najua, Mwanaidi. Yule mgambo aliniambia mwenyewe njiani siku ile."

Nikamuuliza, "Na mwanao hukumwambia?"

"Namwambia kila mwaka si kosa lake. Adhani namwonea huruma. Nilikungoja wewe. Neno lilitoka kwako, lilitakiwa kurudishwa na wewe."

Nikamkasirikia sana. Miaka kumi na miwili anangoja! Yeye na upole wake, mimi na uoga wangu, na wewe katikati umelala juu ya katoni. Nikamwambia hivyo. Akaweka chungwa chini, akasema, "Kweli. Na mimi nimo." Chungwa bado liko pale sahanini, hakulila.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi kuondoka. Msamaha wa haraka haraka nao ni kitu cha kuweka kabatini. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, nitasimama stendi nikuone ukiondoka. Ukitaka kuniuliza, niulize, hata leo, hata mbele ya watu. Baada ya magharibi nitapita nyumba zile tatu ambazo wanawake wake walinishika mabega siku ile, wawili wako hai na wa tatu ameacha watoto, nitawaambia wote kama nilivyokuandikia. Shangazi yako Riziki, aliyekuja kukuaga, atafuatana nami ili nisirudie njiani.

Sanduku nimelitoa vitu vyote. Kanga doti mbili ziko kitandani, uchague moja, au usichague. Hotipoti zimekwenda kwa mama wa jirani mwenye harusi. Sabuni nimeikata vipande nimeigawa mtaa mzima, watoto wamekuja na vibakuli. Nilibakiza kipande kimoja, na hicho nimekifulia shuka yako, ile nyeupe utakayotandika huko. Iko kwenye kamba sasa hivi, ukigeuka utaiona.

Huko ukiitandika utasikia harufu yake. Ni sabuni tu, mwanangu. Walikuja wanajua. Godoro liliinuliwa, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka minane, ukashuka kitandani. Hukufanya kingine chochote.

Kitana kiko kwenye dirisha la jikoni.

Mama yako,
Mwanaidi